Uswisi Imo, Amerika Haimo

Katika treni ya kwenda Garland, huko Amerika, Wilbroad, mhasibu Mtanzania, alianza kujuta kumjibu jirani yake wa kiti. Clarisse, Mkongomani wa kazi za ghalani, alitaka mchango wake ufike Lyon kabla ya maziko ya mama yake kesho.

"Mdogo wangu wa Geneva aliandika namba ya akaunti tu, euro zikafika. Benki yangu inakataa namba hiyo hiyo! Mimi mkubwa niaibike?"

"Benki za huko zina mfumo mmoja wa kutumiana euro, mama. Amerika haimo."

"Uswisi haina euro, papa!"

"Haina, lakini imo."

"Namna gani?"

Wilbroad akaeleza mikataba ya benki; jibu lilikuwa sahihi, na halikumsaidia yeyote. Treni ikasimama.

"Basi natuma Geneva, mdogo asukume Lyon!" Clarisse akashuka amechangamka.

Wilbroad akainuka kumwambia kwamba dola nazo huchukua siku kadhaa kufika Geneva. Milango ikafungwa.