Tangi Linalokonda

Benchi la nje ya duka la Sentimita, fundi cherehani, lina miguu mitatu ya mbao, mmoja wa matofali, na katiba ambayo haijaandikwa popote. Katiba yenyewe ina kifungu kimoja: hoja huletwa chupa ya kahawa ikiwa imejaa, na atakayemiminiwa kikombe cha mwisho ndiye anayetoa uamuzi. Kwa njia hiyo benchi limeshaamua nani apangishwe chumba cha uani, ukuta wa duka upakwe rangi gani, na mbuzi wa nani alikula shati la mteja. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, hoja ilikuwa imekalishwa katikati ya benchi kama mgeni wa heshima: nyekundu, ya plastiki, imebonyea mbavu zote mbili. Lilikuwa tangi la petroli la boti ya Kapteni.

Kapteni ni mama wa miaka arobaini na kitu, mwenye boti ndogo ya mashine aliyoachiwa na baba yake. Kila asubuhi huwavusha walimu sita kwenda shule ya ng'ambo ya mto, na jioni huwarudisha. Katika wiki mbili zilizopita boti ilikuwa imezima katikati ya mto mara tatu. Jumatatu mitihani ilikuwa inaanza, na mwalimu mkuu, mwanamke asiyependa kurudia maneno, alikuwa amemwambia kwamba ikizima tena walimu watahamia boti kubwa ya yule bwana wa gati la juu, na hawatarudi.

Fundi wa mashine, bila kuinuka kwenye kiti chake, alikuwa ameshatamka kwamba tangi limezeeka. Duka la vifaa vya boti lilimwekea mawili achague moja: la plastiki kama hili hili, au la chuma la lita sitini. La chuma lisingeingia mpaka kikalio cha nyuma kikatwe, na kikalio hicho baba yake alikipiga randa kwa mikono yake hadi kikawa laini kama shavu. Seremala alikuwa ameshafika gatini, msumeno umefungwa kwenye gazeti. Duka lilikuwa linafungwa saa sita. Kapteni hakuja kijiweni kutafuta elimu. Alikuja kwa sababu kichwa kilikuwa kimechoka kuamua peke yake, na kwa sababu kahawa ya Sentimita ni nzuri.

— Kabla ya yote, mshtakiwa asomewe mashtaka, alisema Rufaa.

Rufaa alibeba mafaili mahakamani kwa miaka thelathini, na huongea kana kwamba ndiye aliyekuwa akiyaandika. Jina alilipata kwa kuwa hakuna uamuzi wa benchi ambao hajawahi kuupinga.

— Nikiwasha, inawaka vizuri, alisema Kapteni. Tunakwenda. Tukifika katikati ya mto mashine inakohoa mara mbili, inazima. Nafungua mfuniko nichungulie kama mafuta yapo. Yapo. Nafunga, navuta kamba, inawaka kama vile si yenyewe iliyozima.

— Ngoja hapo. Unafungua, unachungulia, unafunga?

— Ndiyo, mzee.

— Hubadilishi kitu?

— Kitu gani? Nakuwa na walimu sita wananiangalia kisogoni.

Rufaa aliegemea nyuma, mguu wa matofali ukalalamika.

— Basi tatizo liko wazi. Linataka kuangaliwa. Nimewaona mashahidi wa aina hii. Usipowakazia macho hawasemi.

— Mzee Rufaa, tangi siyo shahidi, alisema Injinia.

Injinia huuza makava ya simu kwenye meza iliyo pembeni ya benchi. Cheo alijipa mwenyewe siku alipofungua redio ya Sentimita akairudisha ikiwa na skrubu nne za ziada. Redio haijaongea tangu hapo. Yeye husema inapumzika.

— Na nikilifungua linatoa sauti, Kapteni aliongeza. Fyuuu. Kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

— Hiyo ni gesi, alisema Injinia papo hapo.

— Gesi gani?

— Ya petroli. Petroli ya siku hizi wanaichanganya. Inatengeneza gesi, gesi inatafuta pa kutokea, haipati, inapanda kichwani kwa mashine. Mashine inapata kizunguzungu.

— Gesi ikijaa si lingevimba? aliuliza Sentimita. Mbona hili linakonda?

Alikuwa amesimama na utepe wake wa kupimia shingoni, ule anaolala nao, kwa mujibu wa mkewe. Alimwomba Injinia aondoe kikombe chake juu ya tangi, akauzungusha utepe kwenye kiuno cha tangi, akasoma, akafungua daftari la vipimo vya wateja.

— Jumatano Kapteni alipopita nalo hapa nililipima mia moja ishirini na mbili. Leo mia moja kumi na tano.

— Ulilipima kwa nini? aliuliza Kapteni.

— Lilikuwa mbele yangu.

Benchi liliinamia daftari kwa heshima ya takwimu. Kapteni alizitazama zile mbavu zilizobonyea. Jana jioni, aliporudi na walimu mara ya mwisho huku mashine ikikohoa hadi gatini, alikuwa amelichomoa na kulibeba hivyo hivyo mpaka nyumbani, halijafunguliwa.

— Sentimita saba kwa siku tatu, alisema Sentimita. Mteja wangu akipungua hivyo, namuuliza kama ana mawazo.

— Tangi liwe na mawazo?

— Sijasema lina mawazo, Injinia. Mimi nadhani ni baridi. Kule katikati ya mto kuna upepo. Plastiki ikipata upepo inajikunyata. Kapteni, nunua la plastiki lile lile, mimi nitalishonea koti. Nina kipande cha turubai cha kijani, kitakaa vizuri mno. Naacha tundu la mpira wa mafuta na la mfuniko. Hata vifungo nitaweka.

— Koti, alisema Kapteni.

— Lenye bitana.

Injinia alimimina kikombe chake cha tatu akakinywa kwa mkupuo, macho yakimtoka machozi kwa moto. Kapteni alimwelewa. Alikuwa anaikimbiza chupa ifike mwisho wakati wa zamu yake.

— Jamani, tusipoteze muda wa mama wa watu, alisema kwa ulimi ulioungua. Chuma hakibonyei, hakisikii baridi, hakitaki kuangaliwa. Achukue la chuma. Lita sitini. Anajaza Jumatatu, anasahau mpaka Ijumaa.

— Na kikalio?

— Kinakatwa. Kikalio ni mbao, dada yangu. Mbao zipo.

— Hicho alikipiga randa baba.

— Marehemu mwenyewe angekuwepo angekikata.

— Marehemu mwenyewe, alisema Kapteni taratibu, alikuwa anakifuta kwa shati lake kabla abiria hawajakaa. Usimsemee.

Injinia alitazama ndani ya kikombe chake. Rufaa alitumia nafasi hiyo kunyoosha mkono kwenye chupa, akaitikisa sikioni kama anayenunua redio, akaridhika kwamba bado, akaiweka.

— Mimi napendekeza matangi mawili, alisema. Yote ya plastiki. Moja la kazi, moja limekaa tu pembeni linatazama. Lile la kazi likizembea linajua mwenzake yupo. Pale mahakamani tulipoletewa karani wa pili, yule wa kwanza alianza kufika saa mbili kamili.

— Na abiria wakae wapi? Matangi mawili, walimu sita, mikoba yao na bahasha za mitihani?

— Basi lisikae chini kabisa, Injinia alirudi ulingoni. Nimepata. La chuma, lakini juu. Unasimika nguzo katikati ya boti, unalipandisha kwenye nguzo. Mafuta yanashuka yenyewe. Mashine haina hata haja ya kuvuta. Na kikalio kinabaki.

— Lita sitini za petroli juu ya kichwa cha mwalimu mkuu.

— Juu kidogo tu.

— Injinia, yule mama alilalamika kwa harufu. Harufu tu. Wewe unataka nimning'inizie pipa.

— Atazoea.

— Boti ikiinama?

— Hapo anahamia upande wa pili, ainyooshe.

Sentimita alicheka mpaka akashika mlango. Kapteni naye alicheka, akatazama saa ya ukutani ndani ya duka kupitia nguo zilizotundikwa. Saa tano na dakika ishirini. Kicheko kikamwishia. Mpaka sasa alikuwa na koti, karani wa pili na nguzo. Kule gatini seremala alikuwa anatafuta pa kuanzia.

Hapo ndipo alipotokea msichana mmoja mwenye mkoba wa ngozi na viatu ambavyo bado havijaujua udongo wa hapa. Aliwaamkia wazee, akaitikiwa.

— Samahani, nimeelekezwa hapa. Namtafuta mama anayevusha walimu. Nimepangiwa shule ya ng'ambo, naanza Jumatatu. Nilitaka kujua boti inaondoka saa ngapi.

— Ni mimi, alisema Kapteni. Karibu, mwalimu.

— Karibu kiti, mwanangu, alisema Rufaa, akalisogeza tangi pembeni apate pa kukaa.

Na Sentimita, ambaye mama yake alimlea vizuri, hakufikiri. Alichukua kikombe safi, akaiinamisha chupa, akammiminia mgeni. Chupa ikatoa tone, ikatoa pumzi, ikatoa tone jingine, basi.

Injinia alifunga macho.

— Sentimita, alisema Rufaa kwa sauti ya mtu aliyeona hati ya kiwanja ikitumbukia chooni. Umefanya nini?

— Ni mgeni.

— Kile kilikuwa cha mwisho.

— Nimekosea kitu? aliuliza mwalimu, kikombe kikiwa njiani.

Ikabidi aelezwe. Katiba, hoja, tangi linalokonda, kukohoa katikati ya mto, koti, nguzo. Kapteni alieleza mwenyewe, kwa kifupi, kwa sababu saa ilikuwa tano na nusu. Mwalimu alisikiliza bila kucheka, jambo lililowapendeza, kisha akalitazama tangi lililokuwa ubavuni pake. Aliligusa pale lilipobonyea. Akaligusa kwenye mfuniko.

— Kabla sijaamua naweza kuuliza?

— Uliza, mwanangu, mahakama inaruhusu.

— Hiki kiskrubu kidogo kilichopo juu ya mfuniko, ni cha nini?

Gari la maji lilipita. Injinia aliinama akakitazama kile kiskrubu kama mtu anayekutana na jirani aliyepanga naye ukuta mmoja miaka kumi.

— Hicho ni cha kawaida, alisema.

— Cha kawaida cha kufanya nini?

— Huwa linakuja nacho.

— Ni cha kiwandani, alisema Rufaa.

— Kifungo, alisema Sentimita, ingawa hakuonekana kujiamini.

Kapteni alisogeza uso karibu na mfuniko. Alikuwa anaziona asubuhi za zamani, yeye msichana ameshika kamba ya boti, baba yake ameinama juu ya tangi kabla ya kusukuma, vidole viwili juu ya mfuniko, anazungusha kidogo, nusu tu. Kila siku. Alidhani ni mazoea ya wazee, kama kugonga meza kabla ya kuinuka. Yeye hakuwahi kukigusa. Baba alikiacha kimefunguliwa, naye akakirithi hivyo. Mpaka wiki mbili zilizopita, mwalimu mkuu aliposema gauni lake linanuka petroli hadi darasani. Kapteni alinusa, akaona harufu inatokea kwenye kiskrubu kile, akakikaza. Kesho yake, kwa kuwa ni mtu anayependa kumaliza kazi, akakikaza tena kwa koleo.

— Sentimita, naomba koleo.

Alikishika kiskrubu, akakigeuza nusu. Tangi likavuta pumzi. Ilikuwa ile ile fyuuu, ila ndefu, ya kuingia, na mbavu zikaanza kutoka nje, ya kushoto kwanza kwa mlio wa po, kisha ya kulia, mpaka likasimama katikati ya benchi limenenepa, na Rufaa alikuwa amehamia ukutani.

Sentimita alizungusha utepe.

— Mia moja ishirini na mbili, alisema kwa sauti ndogo.

— Mashine ilikuwa inanyonya mafuta, hewa haiingii badala yake, alisema Kapteni, zaidi kwa nafsi yake. Nikifungua mfuniko kuchungulia, inaingia. Nikifunga, mashine inakwenda mpaka hewa iishe.

— Ndicho nilichosema, alisema Injinia. Nilisema kuna kitu hakipati njia.

— Ulisema kinatafuta pa kutokea.

— Kutokea, kuingia. Mlango si ule ule?

Kapteni alikuwa ameshalibeba tangi. Gatini alilichomeka, akawasha, akavuka mto mpaka ng'ambo, akarudi, akavuka tena kwa kuhakikisha. Katikati ya mto alitega sikio lake lote. Mashine haikukohoa. Alikuwa amekaa kwenye kikalio cha baba yake, na alipofika gatini alikifuta kwa mkono wa blauzi kabla hajashuka. Seremala alimtazama.

— Nianzie upande gani, mama?

— Anzia nyumbani, baba. Nisamehe kwa usumbufu.

Aliporudi kijiweni ilikuwa saa sita na robo, na benchi lilikuwa limepata hoja nyingine: kama swali linaweza kuhesabiwa kuwa uamuzi. Rufaa alisema haliwezi, na kwamba kwa mujibu wa katiba tangi bado halijachaguliwa. Mwalimu mgeni alikuwa ameshika kikombe kitupu, anamsikiliza kwa adabu.

— Mama, hukunijibu, alisema alipomwona. Jumatatu saa ngapi?

— Saa kumi na mbili na nusu. Njoo mapema kidogo, ukae mbele. Nyuma kutakuwa na harufu.

— Na mwalimu mkuu? aliuliza Sentimita. Yeye si ndiye hukaa nyuma?

Kapteni alimgeukia Injinia, Injinia akamtazama Rufaa, Rufaa akaichukua chupa, akaitikisa sikioni, akairudisha chini.

— Hiyo, alisema, tuletewe chupa ikiwa imejaa.