Lebo Mbili za Figiri: Kumuaga Bi. Severina Kalinga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Severina Kalinga anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika hifadhi yetu ya mimea mikavu hapa Mbeya. Aliajiriwa mwaka 1989 kubandika sampuli kwenye karatasi. Anaondoka akiwa mkuu wa hifadhi.

Wengi tunamjua kwa ukali wake juu ya chai. Hakuna kikombe kilichowahi kusogelea makabati yake, hata cha mkurugenzi. Mimea aliyoipenda zaidi ni ya jamii ya haradali, hasa figiri inayojiotea porini.

Mwaka 2016 ugonjwa wa kuoza majani ulimaliza figiri za wakulima wetu. Watafiti walitaka mbegu za figiri pori, na lebo ya karatasi moja ya mwaka 1994 ilionyesha kwamba sampuli yake ilichumwa kijiji cha Idodi. Tulikwenda mara mbili, mimi nikiwemo. Tuliuliza kaya kwa kaya, hatukuona hata jani. Mkutanoni ikapendekezwa kazi ifungwe, kwa kuwa mmea umetoweka.

Bi. Severina aliomba ile karatasi. Aliisoma lebo yake, kisha akasimama.

"Mwandiko ni wangu," alisema. "Wiki ile nilikuwa nimetoka kumzika baba, nikaandika lebo za safari mbili kwa pamoja, nikazichanganya. Hii ilitoka Igowole. Kosa ni langu."

Alikuwa akitarajia kupandishwa cheo mwezi uliofuata. Hakupandishwa mwaka ule, wala hatukumsikia akilalamika.

Juma lile lile tulifuatana naye hadi Igowole. Mkulima mmoja, Mama Lusia, alitushangaa tulipomwonyesha picha ya mmea.

"Hii jamani? Sisi hatuipandi, inaota yenyewe kwenye mahindi. Mwaka wa njaa ndiyo inatulisha."

Mbegu alizotupatia zilistahimili ule ugonjwa. Leo figiri zilizotokana na mbegu hizo zinauzwa mafungu kwa mafungu sokoni Mwanjelwa.

Tuliporudi nilimshauri Bi. Severina aing'oe lebo ya zamani. Alikataa. "Ikae hapo hapo. Atakayekuja baadaye ajue tulipokosea." Akabandika ya pili chini yake, yenye jina lake na tarehe.

Sasa anarudi Iringa, kwa wajukuu na shamba lake la njegere. Ijumaa alinikabidhi funguo za makabati. Nilizipokea kwa mikono miwili. Nasema hapa, kwa niaba yetu sote: asante, mama. Nenda ukapumzike, na Mungu akujalie afya na miaka mingi ya kula jasho lako.