Chupa ya Papa Kambale

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wenye furaha wamsifu, na sisi tuliokuja na macho mekundu tumsifu pia. Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Furaha wa mtaa huu wetu wa Katoyi, mjane wa Bauma, yule aliyekuwa anamimina vinywaji kwenye baa ya hoteli kando ya ziwa. Kifo chake mlikisikia kwa midomo ya watu. Leo nisikieni mimi.

Bwana yangu alikuwa mtu mwema, ila majivuno yake yote yalikaa kwenye ulimi. Wazungu wa mashamba ya kahawa walikuja kunywa vodka pale hotelini, naye akajifunza kuzitofautisha kwa kuonja mabaki. Alijisifu kwamba hata akifungwa macho, ataitaja kila vodka kwa jina lake. Rafiki zake walimcheka. Vodka yote ni maji ya moto tu, walisema, usitudanganye, sitwayeni, raia mwenzetu! Basi Jumapili moja mchana akawaita nyumbani waje wahakikishe. Kila mmoja alete chupa yake, chupa zizungushiwe magazeti, na waonjaji wafungwe macho.

Walikuja wawili: mwalimu jirani yetu, na Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo anayekaa mtaa wa Murara. Kambale na bwana yangu walikuwa chanda na pete. Mwalimu alivaa hata abakosti, koti lake la sikukuu, kama anakwenda kumpokea gavana. Nikakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nikawafunga macho kwa vitambaa vyangu vya kichwa, na mimi ndiye niliyemimina.

Ndugu zangu, mnajua desturi yetu. Mwenye nyumba anakunywa wa kwanza, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani ya kikombe. Bauma akaonja chupa yake, akataja jina. Akaonja ya mwalimu, akataja. Tukapiga makofi! Ikafika chupa ya Kambale, aliyoinunua sokoni kule mpakani Kasindi, yenye karatasi nzuri iliyoandikwa vodka. Hapo akakwama. Hakuitambua.

Mtu mwingine angesema sijui, wangecheka, yangeisha. Yeye aliniambia nimwongeze, kisha nimwongeze tena. Ananusa, anatikisa kichwa, analitafuta jina. Wenzake walikunywa kidogo wakaona inachoma, wakaacha. Yeye aliitafuta ile vodka mpaka chupa ikakaribia kwisha. Ndugu zangu, haikuwa vodka. Mtu fulani asiyemwogopa Mungu alikuwa ameokota chupa tupu akaijaza spiriti ya viwandani.

Asubuhi aliniuliza kwa nini kuna ukungu ndani ya nyumba, kwa nini sifungui dirisha. Dirisha lilikuwa wazi, na jua lilikuwa linawaka. Tulimbeba hospitali. Jioni nilikuwa mjane. Mwalimu alitapika akapona. Kambale alilazwa, naye akapona.

Kwenye kilio familia ya bwana yangu ilianza kusema neno moja tu: sumu. Kambale alipotoka hospitali alikuja na gunia la maharage na kuni, wakamrudisha barabarani. Mukwe wangu akasimama mbele ya watu wote. "Kuanzia leo," akasema, "mutu asikule kitu yenye imetoka mu mukono ya huyu."

Mimi nilijua Kambale alikunywa chupa ileile. Nilinyamaza. Uchungu ulikuwa mkubwa, ulitaka mtu wa kumkalia.

Neno likazunguka mji. Mama Masika, mke wake Kambale, alikuwa anauza mikate ya kukaanga, na watu wakaanza kumpita kama hawamwoni. Nikasikia, nikafurahi. Lakini ile furaha haikunishibisha hata siku moja! Sikulala, sikuweza kuimba, na nilikuwa namfikiri Kambale kuliko nilivyomfikiri marehemu wangu.

Kisha mama mzazi wa Kambale, aliyeletwa kutoka Butembo kutibiwa, akafia kwa mtoto wake Murara. Sisi wamama wa kwaya tukatumwa kwenda kuimba. Nilienda. Msinisifu, nilienda nione aibu yao.

Na niliiona. Bugali, maharage na sombe ya majani ya muhogo vilipakuliwa, vikapoa. Mnajua kwetu: kilio ambacho watu hawali, ni kama marehemu hakuwa mtu. Mama Masika alizunguka na birika la maji ya kunawa, akasimama mbele ya kila mama, na kila mama akaficha mikono ndani ya kitenge. Hakulalamika. Alisogea tu kwa anayefuata. Mzee wa watu amelala pale chini ya shuka nyeupe, na hakuna hata mmoja wa kumlia tonge.

Alipofika kwangu, alitaka kunipita asinisumbue. Papa Kambale alikuwa amekaa chini karibu na mama yake. Alisema bila kuniangalia:

"Mama Furaha, na mimi nilikunywa ile chupa. Kila siku minaulizaka Mungu juu ya nini alibeba Bauma, mimi akaniacha muzima."

Ndugu zangu, swali lile lilikuwa langu! Siku zote hizo mtu huyu alikuwa analia kilio changu, peke yake, na hakuna aliyemshika mkono. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilitoa tu mikono yangu nje ya kitenge.

"Mama Masika, leta maji."

Nikanawa, nikala, machozi yakianguka kwenye bugali. Mama wa pembeni akaniangalia sana, halafu naye akanyoosha mikono. Kisha mwingine. Tulikula mpaka watoto wakakwangua sufuria. Asante Yesu!

Bauma hakurudi. Nyumba yangu siku za Jumapili bado inanishinda ukubwa, na bado namlilia. Lakini siku ile nililala, na asubuhi niliweza kulitaja jina lake bila chuki mdomoni. Wewe unayenisikia, kama kuna nyumba huingii kwa ajili ya maneno ya watu, usingoje maiti ikufungulie mlango. Mtumaini Bwana, uingie, unawe, ule.

Nimebakiza neno moja. Papa Kambale anasali hapa kwetu. Anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Leo pia yuko pale. Papa Kambale, kuja mbele. Furaha, mutoto wangu, sogea kidogo, papa apate pa kukaa.