Restituta Aliyeung'oa Muhogo wa Baba Yake Mdogo

Ndugu waombolezaji, yatakayosomwa hapa hamtayaamini, na hata ninyi wa Nshamba mlioyaona kwa macho mtabisha.

Restituta Mutembei alizaliwa Nshamba, Muleba, tarehe 14 Machi 1979. Alisoma shule ya msingi hapohapo, sekondari Bukoba mjini, kisha chuo cha kilimo Morogoro. Alirudi na stashahada na ubishi. Baba yake mdogo, Byabato, yeye aliishia darasa la sita, walimu walipoishiwa cha kumfundisha.

Mwaka 2005 aliajiriwa kwenye maabara ya mimea Bukoba, kutafuta virusi vya muhogo. Mwaka 2016 shamba la Byabato likachaguliwa kutoa vipando kwa kijiji kizima. Muhogo ule ulikuwa wa kijani hadi wapita njia wakivua kofia. Kipimo cha kingamwili, kile cha kubadili rangi, kikaonyesha ni safi. Majirani wakafika na mapanga na baiskeli, Restituta akawazuia. Byabato akamuuliza mbele za watu, kipimo kimeshasema, anatafuta nini tena.

"Natafuta ambacho hicho hakikioni, Baba mdogo."

Alichukua utomvu wa jani lenye ugonjwa wa michirizi kahawia, akauchanganya na wa majani mazima, akazidi kuuzimua, na kila mchanganyiko akaupima kwa njia mbili. Njia ya rangi ilipofuka mapema. Ya vinasaba ikaendelea kuona. Basi akaurudia muhogo wa Byabato kwa vinasaba, na virusi vilikuwemo. Shamba likang'olewa lote, likachomwa. Byabato alinuna hadi Krismasi, huku Restituta akizalisha vipando vipya kutoka mashina machache aliyoyatenga, yaliyopita kipimo cha vinasaba.

Alifunga ndoa mwaka 2008 na Datius Rutaihwa wa Nyanga, mwanamume mpole, na ilibidi awe hivyo.

Mwaka jana aligundulika na saratani ya ini. Alifariki hospitalini Bukoba, alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025. Ameacha mume, watoto wawili, Georgina na Eliud, mama yake, Bi. Alistidia, na baba mdogo asiye na wa kubishana naye. Mwenyezi Mungu amkalishe mahali pa raha, mwana wetu.

Maisha yake haya alisomewa mwenyewe na Byabato aliyeyaandika, kwa kudai kwake, wiki ya mwisho. Alisikiliza amefumba macho, akiacha chumvi za Byabato zipite, hadi pale panaposema vipando vyake safi vimeenea Nshamba yote, Rubafu yote, vimevuka na ziwa, na huko ng'ambo watu wana—

"Rubafu ni nusu, Baba mdogo. Nusu iliyobaki mpeleke ninyi."