Rehani ya Udongo: Bwana Nyange Pandu Anapumzika

Tarehe 30 Septemba 1961, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Bwana Nyange Pandu anastaafu, na kituo chetu cha kilimo hapa Wawi kitapata utulivu, alhamdulillahi. Msema sana huyu! Hata hadubini akiichungulia huzungumza nayo.

Alizoea mikarafuu. Mwaka 1957 akapewa kazi aliyoiona ya kumvunjia heshima: kupima udongo wa makonde ya viazi vitamu, kutafuta vijinyoo visivyoonekana kwa macho, vinavyotia mizizi mafundo na kupasua viazi. Udongo hutandazwa juu ya kitambaa ndani ya sinia la maji, vijinyoo vikashuka, vikatazamwa. Hilo jepesi. Shida ni kuupata huo udongo.

Kwa pupa yake alianzia Mtambile, bila hodi. Bi Mwanapili, mjane anayelisha nyumba yake kwa viazi, alimkuta kainama kwenye matuta yake anajaza mfuko. Jamani, Pemba hii! Mtu achote udongo wa konde lako aondoke nao kimya kimya, nawe useme ni wa serikali? Adhuhuri haijafika, Mtambile nzima imekwishajua kuwa Nyange ni mwanga, mchawi wa usiku. Mwanga wa soksi na baskeli, lakini mwanga. Makonde yote akafungiwa, na viazi vya Bi Mwanapili vikazidi kupasuka, naye hajui watoto watakula nini.

Ndipo Bwana Nyange alipofanya jambo la maana, la kwanza tunalolikumbuka. Alichota udongo wa mlangoni pake mwenyewe, akautia koponi, akampelekea Bi Mwanapili uwe rehani: yakimfika madhara kwa ule uliochukuliwa, basi na amroge kwa huu. Bi Mwanapili akalipokea kopo, akamruhusu kuchimba.

Vijinyoo vikaonekana, tele! Konde likapandwa njugu nyasa misimu miwili, kisha marando mapya ya viazi, safi. Viazi vikarudi vinene, ngozi laini. Hata wanawake wa kijiji cha Wambaa wakawa wanamwita wenyewe.

Hofu sasa ikamhamia yeye. Akipata mafua, kopo. Tumbo likimsokota baada ya sahani mbili za pweza, kopo! Hutuma salamu Mtambile kuuliza kama halijafunguliwa, na Bi Mwanapili hujibu kuwa lipo salama, ila apunguze kula.

Juzi alikwenda kuaga, akaomba arudishiwe udongo wake. Bi Mwanapili alicheka mpaka akakaa chini. Udongo gani? Alikwisha kuumwaga zamani kwenye matuta, siku aliyovuna vile viazi vizuri vya kwanza. Tangu hapo konde lake alimwachia kwa kumwamini tu, na zile salamu alizijibu kwa sababu alipenda kujuliwa hali.

Bwana Nyange alirudi kituoni macho mekundu, akasingizia vumbi la njia. Tulimcheka, kisha na sisi vumbi likatuingia.

Ahsante, Bwana Nyange. Mola akujaalie afya na umri mrefu. Kapumzike bila wasiwasi: huko Mtambile hakuna aliyekuwekea kitu ila dua.