Sura Iliyokuja na Pasipoti

Mmeanza tena. Mtu hajameza hata funda la kwanza la kahawa, tayari anataka ile habari ya Fundi Saa na pasipoti ya mtoto. Mwenyewe si yule pale, muulizeni! Hamumuulizi, maana akisimulia yeye hana kosa. Haya. Asubuhi ile kwenye benchi, nje ya kibanda chake, walikuwa watatu: Fundi Saa mwenyewe, Dobi, pasi yake ya mkaa ikipoa pembeni, na muuza magazeti tunayemwita Waziri, kwa kuwa mambo ya serikali huyajua kabla serikali yenyewe haijayajua. Drafti katikati, kahawa chini. Akatokea mama yake Fundi Saa, mkono mmoja kamshika mjukuu wa miaka mitatu, wa pili pasipoti mpya. Zilibaki siku kumi na mbili apande ndege ampeleke mtoto kwa mama yake, dada wa Fundi Saa, muuguzi huko ng'ambo. Mama mtu hajamtia mwanawe machoni tangu alipomwachisha ziwa, na likizo amepewa wiki mbili, basi.

Bibi hakusalimia. Akaifungua pasipoti, akaitua juu ya drafti, kete zikatawanyika.

— Huyu ni nani?

— Mama, si jina limeandikwa hapo, akasema Fundi Saa, kichwa kakiinamisha kwenye saa ya mtu.

— Jina sikuuliza. Nimeuliza sura.

Dobi akamshika mtoto kidevu, akaangalia picha, akaangalia mtoto.

— Ni yeye, na si yeye.

— Watoto hubadilika, mama, akasema Waziri. Miezi miwili kwa mtoto ni kama miaka kumi kwangu mimi.

— Abadilike mpaka paji la uso?

— Ni taa za studio hizo, akasema Dobi. Zinakula sura. Mimi kwenye kitambulisho nimetoka kama marehemu shemeji yangu.

— Wewe taa usizisingizie, ulizaliwa hivyo! akasema Waziri. Sasa sikilizeni siri. Pale ofisini kuna mashine. Inakusanya picha za watoto wote wa mwaka mmoja, inazikoroga, inatoa sura moja ya wastani. Kuokoa wino.

— Eti wino! akasema Dobi.

— Ndiyo maana huko ng'ambo mkaguzi hamwangalii mtoto usoni. Pasipoti ananusishwa mbwa.

— Mbwa anuse pasipoti?

— Tena mbwa mwenye cheo. Anapigiwa saluti.

Fundi Saa akacheka kuliko wote. Ile mashine aliipenda sana. Waziri akiaminiwa, yeye amepona.

— Hiyo ya mashine hata mimi nimeisikia, akadakia.

— Kwa nani? akauliza mama yake.

— Kwa... watu.

— Watu. Mimi nitasimama pale dirishani na mtoto huyu. Wakiniambia nimemwiba, niwajibu mashine? Nirudishwe, na mama yake kasimama upande wa pili, koti la mtoto mkononi?

Fundi Saa akarudisha kichwa kwenye saa ya mtu.

Kulikuwa na dada mmoja, mgeni kabisa, amekaa ukingoni mwa benchi akisubiri saa yake itiwe mkanda. Akanyoosha shingo.

— Samahanini. Huyu wa kwenye picha ametogwa masikio. Huyu hapa hajatogwa. Matundu yamekwenda wapi?

Waziri akainama kuokota kete. Dobi akakumbuka pasi yake, akaanza kuipuliza mkaa. Mtoto akajishika masikio yote mawili, ahakikishe yapo.

Bibi akamgeukia mwanawe taratibu.

— Nyumbani kwangu mwenye matundu ni mmoja tu. Binti yako.

— Mama...

— Sema.

Akasema. Alipotumwa kumpeleka mpwa wake studio, mtoto alifumba macho kila kamera ilipoinuliwa. Mara tano. Na huku kijiweni drafti inamsubiri, amemwacha Waziri na kete moja. Binti yake alikuwa naye palepale, rika moja, kichwa kilekile cha babu yao, anakodolea kamera kama askari wa zamu. Akamkalisha yeye.

— Nikaona watoto ni wetu wote, mama.

— Ni wetu wote. Lakini anayesubiriwa na mama yake ni mmoja.

Kulipopambazuka Fundi Saa alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya ofisi, mpwa begani, mama yake nyuma yake kama polisi. Karani akawasema mpaka akachoka, kisha akaamuru mtoto apigwe picha palepale. Kamera ikainuka, macho yakafumba. Ikainuka tena, yakafumba tena.

— Anayefuata! akaita karani.

— Mfanyie jogoo, akasema Bibi.

— Mama, hapa? Mbele za watu?

— Nyumbani akiogeshwa unamfanyia. Fanya.

Watu kama arobaini, na yeye kavaa suruali iliyonyooshwa na Dobi. Akachuchumaa, akapiga mbawa, akawika. Jicho moja likafunguka. Akawika tena, la pili likafuata. Pasipoti ikatoka siku mbili kabla ya ndege.

Mnadhani imeishia hapo? Kule ng'ambo mtoto akagoma kuchanwa nywele na mama yake mpaka amsikie jogoo. Basi kila siku saa kumi jioni simu inalia, dada mtu yuko tayari na kitana, na Fundi Saa anainuka hapo benchini, wateja wote wanamtazama, anachuchumaa, anawika. "Tena, mjomba!" Anawika tena. Alihesabu siku kumi na nne kama mfungwa. Ya kumi na nne dada yake akapiga simu akilia kwa furaha: kazini wamemwongezea likizo ya wiki nzima, Bibi na mtoto hawarudi bado. Benchi zima likashangilia, kasoro mtu mmoja. Siku saba nyingine, na zote alizilipa, amechuchumaa.