Aliyepasua Shati Alishone

Katika minibasi ya kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwenda mjini nilikaa nyuma ya mama mshonaji na baba mmoja wa Fizi, watu wasiojuana. Mama alikuwa akimshukuru Mungu kwa ajili ya mwalimu wa binti yake.

"Ketsia wangu alipasula shati ya mwenzake. Nikasema, leo banamuchapa. Mwalimu hakugusa fimbo, papa! Alibakalisha bote babili, akauliza mwenye shati, 'Unataka nini?' Mutoto akajibu, 'Anishonee, na tukae tena pamoja.' Njo Ketsia alishona kwa mashini yangu, mi namuonesha tu."

Baba alicheka. "Kesho atapasula ingine! Siye tulikula fimbo, njo tukapata akili."

"Na masomo ulipenda?"

"Nilikuwa natorokea mu mashamba ya mihogo."

Tulicheka sote, naye pia. Nilifurahi kwamba hakukasirika.

Kisha baba akasema polepole kwamba mwanawe Wilondja alichapwa shuleni kwa kuchelewa, na tangu hapo hataki shule. "Nimemuongezea fimbo ya nyumbani. Bado hataki."

Mama hakumhubiria. Alimmiminia karanga mkononi, wakala.

Tulipofika mtaa wa Area 25, kabla ya mjini, baba alishuka. "Lakini fimbo ni fimbo, mama," alisema. Halafu akarudi dirishani. "Uyo mwalimu, mutu anaweza kumuona wapi?"

Mama alikuwa amelipa nauli ya mpaka mjini. Alichukua kapu lake, akashuka amweleze vizuri.